Barabara na Njia ya Miguu: Historia ya Walioingia Katika Kazi ya Kutunga Programu

Msafiri atokaye Mwatate kwenda Werugha ana namna mbili za kuupanda mlima. Ya kwanza ni barabara, ambayo hujipinda na kuzunguka ubavuni mwa milima ya Dawida mpaka Wundanyi, kisha huendelea juu. Ya pili ni njia za miguu zikatazo makonde, vijito na vichaka, ambazo wenyeji walizipita kwa karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuonekana. Mwenye nauli hupanda gari, na asiyekuwa nayo huenda kwa miguu. Wote wawili hufika. Lakini mwenda kwa miguu hutoka jasho zaidi, sharti aijue njia vema zaidi, na akipotea hana utingo wa kumwonyesha mahali pa kushuka.

Kazi nyingi za elimu zina barabara peke yake. Mtu hawezi kuwa daktari au wakili kwa kusoma nyumbani. Sheria imeziba njia nyingine zote, na imefanya vema, kwa sababu maisha na haki za watu si vitu vya kujifunzia kwa kubahatisha. Kazi ya kutunga programu za kompyuta haikufungwa hivyo. Ina barabara yake, nayo ni shahada ya chuo kikuu, na barabara hiyo ni njema kwa kila awezaye kuipita. Walakini pembeni mwake ipo njia ya miguu, na katika nchi yetu hakuna sheria imtakayo mtunga programu awe na leseni kabla hajaketi kazini. Vijana wengi huidhani njia hii kuwa jambo jipya, au kuwa kimbilio la walioshindwa mtihani. Historia yatufundisha kinyume. Njia ya miguu ndiyo kongwe, na barabara ilikuja baadaye. Tena wengi wa walioipita kwanza walikuwa watu ambao hakuna aliyewatazamia.

Yafaa tueleze kwanza neno lenyewe. Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate moja baada ya jingine. Kompyuta haina busara yake yenyewe. Ukiiambia ijumlishe, itajumlisha. Ukisahau kuiambia ikome, haitakoma. Mama amtumaye mtoto dukani humwambia alete chumvi, naye mtoto hufahamu bila kuambiwa kwamba chenji hurudishwa nyumbani. Kompyuta haifahamu jambo ambalo halikutamkwa. Basi kazi ya mtunga programu ni kulichukua jambo kubwa, kulivunja vipande vidogo, kuvipanga vipande hivyo pasipo pengo, na kutafuta kosa kila mara matokeo yanapokataa kulingana na matarajio. Mara nyingi huko kutafuta kosa huchukua saa nyingi kuliko kuandika.

Kazi hii ilianza wapi? Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya hesabu ya kuwaonyesha wapiga mizinga jinsi ya kulenga. Hesabu hizo zilifanywa kwa kalamu na kwa mashine ndogo za mezani, na wengi wa waliozifanya walikuwa wanawake wenye elimu ya hisabati, maana wanaume wengi walikuwa vitani. Neno kompyuta, ambalo leo ni jina la mashine, siku hizo lilikuwa jina la mtu: kwa Kiingereza maana yake ilikuwa mpiga hesabu.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ilikuwa ikijengwa kwa siri mashine iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Wahandisi walijua kuijenga, lakini haikuwapo shule duniani iliyofundisha namna ya kuiagiza kazi. Mwaka 1945 walichaguliwa wanawake sita miongoni mwa wapiga hesabu: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakupewa kitabu cha maelekezo, kwa kuwa kilikuwa hakijaandikwa. Hawakuwa na lugha ya programu, kwa kuwa ilikuwa haijabuniwa. Hapo mwanzo hawakuruhusiwa hata kuingia chumba cha mashine, maana ilikuwa siri ya jeshi. Walipewa michoro ya nyaya tu. Wakaisoma michoro, wakawauliza wahandisi, wakafundishana wao kwa wao, mpaka wakaijua mashine sehemu kwa sehemu. Programu zao hazikuwa maandishi. Zilikuwa nyaya za kuchomeka na swichi za kugeuza, na waya mmoja ukikaa mahali pasipo pake hesabu yote iliharibika.

Tuwatazame wawili kati yao. Jean Jennings alizaliwa mwaka 1924 katika familia ya wakulima huko Missouri, na hisabati yake aliisoma katika chuo cha kufundishia walimu. Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa darasa na chaki. Alipopata habari ya kazi ya upigaji hesabu Philadelphia akaiomba, na mwaka 1945 akapanda gari moshi kwenda katika mji asioujua. Kathleen McNulty alizaliwa Ayalandi mwaka 1921 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Nyumbani kwao kulisemwa Kiayalandi, na alipoanza shule hakujua Kiingereza. Mwanafunzi wa Werugha, ambaye husema Kidawida nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, hana haja ya kudhani kwamba lugha ya kuzaliwa nayo ni mzigo. Mtu aliyezoea kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine amekwisha jifunza kwamba jambo moja lina namna nyingi za kusemwa, na hilo ni somo la kwanza la kutunga programu.

Mwezi wa Februari mwaka 1946 mashine ya ENIAC ilionyeshwa kwa watu wote. Ilimaliza kwa sekunde chache hesabu iliyomchukua mtu saa nyingi, na magazeti yakaisifu. Wahandisi walitajwa. Wanawake waliotunga hesabu iliyoonyeshwa siku ile hawakutajwa. Picha zao zilibaki bila majina kwa miaka mingi, na heshima yao ilianza kutambuliwa wazi katika miaka ya 1980 na 1990, walipokuwa wazee. Hivyo kazi ilianza kwa njia ya miguu, na wale walioikanyaga kwanza karibu wasahauliwe.

Mfano wa pili ni wa mwalimu wa shule. Dorothy Vaughan alizaliwa mwaka 1910 mjini Kansas City, akamaliza Chuo Kikuu cha Wilberforce mwaka 1929, akafundisha hisabati katika shule ya watoto weusi mjini Farmville, Virginia. Mwezi wa Desemba mwaka 1943 alijiunga na wapiga hesabu wa shirika la utafiti wa ndege katika kituo cha Langley. Siku hizo sheria za Virginia zilitenga watu kwa rangi. Yeye na wenzake weusi waliwekwa katika ofisi yao peke yao, na meza yao ya chakula ilikuwa peke yake. Mwaka 1949 akawa mkuu wa kundi hilo. Mwaka 1958 shirika liligeuka kuwa NASA, na ofisi za kutengwa zikafutwa.

Lakini jambo jingine lilikuwa likija. Kompyuta za umeme zilikuwa zimeanza kuingia Langley, na kila mwenye macho aliweza kuona kwamba siku za kupiga hesabu kwa mkono zimehesabiwa. Mtu mwingine angalilalamika, au angalingoja barua ya kuachishwa kazi. Vaughan alijifunza FORTRAN, lugha ya programu iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, na tena akawafundisha wenzake. Kwa hiyo mashine zilipofika, wanawake hao hawakufagiliwa nje pamoja na kazi yao ya zamani. Walikuwa wamekwisha hamia kazi mpya. Alistaafu mwaka 1971 na kufariki mwaka 2008. Hakujifunza ili apite peke yake: alipita na wenzake. Neno hili tutalirudia.

Ndipo barabara ikaanza kujengwa. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha stashahada ya elimu ya kompyuta mwaka 1953. Marekani idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1962, miaka 16 baada ya ENIAC kuonyeshwa. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kuzungumzia jinsi ya kuifanya kazi hii iwe ya uhandisi, yenye taratibu na vipimo, na hapo jina la uhandisi wa programu likaenea. Walikuwa na sababu nzuri. Programu zilikuwa zimekuwa kubwa, zikichelewa na kujaa makosa, na makosa hayo yaligharimu fedha nyingi na huenda yakagharimu roho za watu. Barabara haikujengwa kwa ajili ya majivuno. Ilijengwa kwa sababu mizigo ilikuwa imezidi nguvu za njia ya miguu.

Walakini njia ya miguu haikufa. Stephanie Shirley alizaliwa Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka mitano, alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wengine Wayahudi waliokuwa wakiokolewa kutoka kwa Wanazi. Alipomaliza shule hakwenda chuo kikuu. Aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Shirika la Posta, na kwa miaka sita alisoma madarasa ya jioni mpaka akapata shahada ya hisabati. Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake kwa mtaji wa pauni 6, akawaajiri wanawake wenye ujuzi wa programu walioacha kazi kwa sababu ya ndoa na watoto, nao wakafanya kazi nyumbani mwao. Barua zake za biashara hazikujibiwa, mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la Steve, ambalo ni la kiume. Miongoni mwa kazi za kampuni hiyo ilikuwa programu ya kinasa habari cha ndege Concorde. Wafanyakazi 300 wa kwanza walikuwa karibu wote wanawake.

Hapa tusimame tuulize: mbona watu hawa waliruhusiwa kupita? Jibu si kwamba ulimwengu ulikuwa mwema kuliko sasa. Jibu ni uhaba. Wanawake wa Philadelphia walipata nafasi kwa sababu wanaume walikuwa vitani. Vaughan alipata nafasi kwa sababu shirika la utafiti wa ndege lilihitaji wapiga hesabu kuliko lilivyoweza kuwapata. Shirley alipata nafasi kwa sababu kazi zilikuwa nyingi na watu wa kuzifanya wachache. Kila mara kazi ilipopata heshima na mshahara mkubwa, walinzi waliwekwa mlangoni, na katika nchi kadhaa wanawake walianza kusukumwa pembeni katika kazi ileile waliyoianzisha. Mtu asomaye historia hii kama ngano ya kufurahisha ameisoma nusu. Njia ya miguu hufunguka wakati wa haja, na huweza kuota majani.

Tugeukie sasa nchi yetu. Mwezi wa Machi mwaka 2007 ilianza huduma ya M-Pesa, na programu ya kompyuta ikaingia mkononi mwa mkulima, mchuuzi na mzee wa kijiji. Programu yake ya kwanza ilitungwa Uingereza. Sisi tulikuwa watumiaji, na tulitumia kwa werevu mkubwa, lakini maandishi ya ndani yaliandikwa na wengine.

Kabla ya mwaka kwisha taifa lilipatwa na msiba wa fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Habari zilikuwa chache na uvumi mwingi. Mwanasheria mmoja, Ory Okolloh, aliandika kwenye mtandao mwanzoni mwa Januari 2008 akiuliza kama wapo wajuzi wa kompyuta wawezao kutengeneza ramani ambayo raia wangepeleka habari za maovu yaliyotendeka mahali walipo. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine waliitikia, na kwa siku chache tovuti ikawa tayari. Waliiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoiangusha Haiti mwezi wa Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumiwa kukusanya habari za waliohitaji msaada. Yafaa mwanafunzi alishike jambo hili: chimbuko la programu iliyovuka bahari halikuwa kwa mtu wa kompyuta. Lilikuwa kwa mwanasheria aliyeona haja na kuweza kuieleza wazi, na palikuwapo watunga programu walioweza kumsikiliza.

Hata hivyo kujifunza kazi hii nchini kulikuwa kugumu, kwa sababu intaneti ilipitia setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mambo yakabadilika. Reli ilipopanda kutoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, Voi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya awali. Safari hii pia mzigo mpya ulianzia bandarini na kuelekea bara. Mwaka 2010 kilifunguliwa iHub mjini Nairobi, mahali pa watunga programu kukutana na kufanya kazi pamoja. Mwaka huohuo wanawake waliokuwa tayari katika kazi hii walianzisha AkiraChix ili kuwafundisha wasichana wasiokuwa na uwezo wa kulipa karo kubwa. Mwaka 2014 ikaanzishwa Moringa School, ambayo hufundisha kwa miezi badala ya miaka. Na asiyeamini kwamba elimu hii yaweza kufika mbali na mji atazame Turkana, ambako mwaka 2021 kando ya ziwa kulikamilika chuo cha Startup Lions, kwa michoro ya msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso. Nchi ile ni kavu na ya mbali kuliko Taita, na vijana wake hujifunza kompyuta humo.

Basi kijana wa Werugha asimame wapi? Barabara kwake si ya mbali kama ilivyokuwa kwa baba zake, kwani kaunti yake ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata hati mwaka 2016. Mwenye alama za kuingia chuo na namna ya kulipa karo asiiache barabara kwa kusikia kwamba fulani alifaulu bila shahada. Lakini kila mwaka matokeo ya mtihani hutoka, na wako wengi walio chini ya kizingiti cha C+, na wengine walio juu yake ambao karo imewazidi. Shamba la kabeji na nyanya laweza kulisha nyumba, na ni kazi ya heshima. Laweza pia kushindwa kumpeleka mtoto wa nne chuoni baada ya watatu. Kwa vijana hawa swali la njia ya miguu si mchezo. Hukaa nalo usiku.

Hatuna haki ya kuwadanganya. Tuwaambie kwanza kwamba njia hii ni ndefu. Miezi michache ya masomo humfungua mtu macho, haimfanyi fundi. Kwa simu mtu aweza kuanza, lakini hawezi kwenda mbali bila mashine yenye kibodi, hata ikiwa ya zamani, na bila umeme na data za kulipia. Tuwaambie pia kwamba palipo na njaa ya kazi hapakosi wauza vyeti. Mtu akuahidiye mshahara mnono baada ya majuma manne, na kutaka alipwe leo, anakuza mfuko wake kwa jasho la mzazi wako. Uliza kwanza: waliomaliza hapo mwaka uliopita wako wapi, na wametengeneza nini ninachoweza kukiona? Asiyeweza kujibu swali hilo usimpe shilingi.

Tuwaambie vilevile kwamba kutoka mwaka 2022 kampuni kubwa za ng'ambo zilipunguza wafanyakazi wengi, na kwamba mwishoni mwa mwaka huohuo zilianza kuenea mashine za akili mnemba ziwezazo kuandika vipande vya programu zikiombwa kwa lugha ya kawaida. Wako wasemao kwamba kazi hii imekwisha. Historia hutushauri tusikimbilie kuamini. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyetumika katika jeshi la majini, alitengeneza programu ya kukusanya na kupanga maagizo ambayo hapo awali yaliandikwa kwa mkono mmoja mmoja. FORTRAN ilipotoka miaka mitano baadaye ilisifiwa kwamba ingepunguza sana taabu ya kutunga programu. Ni kweli taabu ile ilipungua. Lakini watunga programu hawakupungua; waliongezeka, kwa sababu mambo yaliyoweza kufanywa yaliongezeka. Sisemi kwamba yatakuwa hivyo tena, maana historia si mganga wa kupiga ramli. Nasema kwamba chombo kipya humdhuru zaidi yule ajuaye kunakili tu, na humfaa yule ajuaye kupima kama jibu ni la kweli.

Sasa tukusanye mafunzo. Tukiwatazama wote tuliowataja, twaona mambo manne waliyoshirikiana. La kwanza ni hesabu na mantiki. Shule zao zilikuwa mbalimbali, lakini waanzilishi wale hawakuchukia hisabati. Basi mwanafunzi asitupe kitabu cha hisabati eti kwa kuwa atapita njia ya mkato. Njia hii si ya mkato, bali ni ya miguu. La pili ni uwezo wa kusoma maandishi magumu bila kushikwa mkono. Wale sita walipewa michoro, wakaisoma. Leo michoro ni maelezo ya lugha za programu, nayo aghalabu yako kwa Kiingereza. Kwa hiyo somo la ufahamu darasani si la mtihani peke yake. La tatu ni kazi inayoonekana. Shirley hakuuliza wateja wamwamini kwa sahihi yake. Kazi zilizokamilika zilimwombea. Asiye na shahada ana haja ya ushahidi wa namna hiyo kuliko mwenye nayo: programu ndogo lakini nzima, itumiwayo na watu wa kweli, kama daftari la karo la shule, hesabu za chama cha akina mama, au orodha ya bei za mboga katika masoko ya Wundanyi, Voi na Mombasa. Na hapa mwenyeji ana mali asiyokuwa nayo mgeni, kwani anayajua matatizo ya nyumbani kwake kuliko mhandisi wa mbali.

La nne ndilo kubwa, na ndilo nililoahidi kulirudia. Hakuna hata mmoja wao aliyepita peke yake. Wale sita walifundishana. Vaughan alisoma kisha akawasomesha wenzake. Shirley aliwafungulia wanawake waliokuwa wamefungiwa. Wanawake wa AkiraChix walikuwa wamekwisha fika, nao wakarudi kuwachukua wadogo zao. Watu hupenda kumsifu mtu aliyejifunza mwenyewe, kana kwamba alizaliwa na ujuzi mfukoni. Ukichunguza maisha yake utamwona mtu mwingine pembeni: aliyemwazima mashine, aliyemjibu swali usiku, aliyemwambia mwajiri, "Mtazameni huyu."

Kwa sababu hiyo shule isiyo na kompyuta ishirini isikate tamaa, maana kompyuta moja na kikundi cha wanafunzi sita wenye shabaha moja wamekwisha pita idadi ya walimu waliokuwa nao wale wa Philadelphia, yaani hakuna. Wakutane siku maalumu kila juma. Mmoja aandike, mwingine asome, wa tatu atafute kosa, kisha wabadilishane. Wasichana wasiwekwe nyuma kama watazamaji, kwani kazi hii ilianza mikononi mwa wanawake, na kuwafungia nje ni kuwafungia nyumba waliyoijenga wenyewe. Na siku mmoja wao atakapopata kazi, iwe Nairobi, iwe ng'ambo, iwe palepale kijijini mbele ya dirisha litazamalo ukungu wa Vuria, deni lake la kwanza si kwa mwenye duka la nguo mpya. Ni kwa yule aliyebaki chini akiuliza njia.

Barabara hutunzwa na serikali: hutengewa fedha, huletewa katapila, na mvua ikiiharibu hutengenezwa. Njia ya miguu haina mtunzaji ila nyayo. Ikipitwa kila siku hubaki nyeupe, na mgeni huiona hata jioni. Ikiachwa msimu mmoja tu wa masika, huota majani, na mtoto aliyekuja nyuma husimama mbele ya kichaka akidhani hapakuwa na njia kamwe.